Wifi Yangu Amekubali Kuhojiwa

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa. Fursa za utafiti kwa wanafunzi wa uzamili, epidemiolojia na biostatistiki. Tulijazana mbele ya ubao kama watu wanaotafuta majina ya ndugu zao baada ya ajali. Mwaka jana fursa zilikuwa nyingi, mtu alichagua. Mwaka huu ni tatu, na mbili zina wenyewe tayari – kila mtu anajua, hakuna anayesema. Imebaki ya Friji.

Friji ni profesa wetu wa epidemiolojia. Jina alipewa na waliotutangulia na halijawahi kuhitaji maelezo. Hapandishi sauti. Anakutazama tu mpaka unasikia baridi kwenye mbavu. Mradi wake ni vifo vya watoto wachanga. Unakwenda kwa mama aliyefiwa, unakaa, unamuuliza kila kitu kuanzia mimba mpaka mazishi, halafu madaktari wanasoma majibu na kuamua mtoto alikufa kwa nini. Nafasi ni ya mtu mmoja. Atakayeipata ana data ya tasnifu, na baada ya hapo shahada ya uzamivu nje, imelipiwa yote.

Mimi nilitaka mbu. Au maji ya visima. Namba zisizo na mama. Lakini mbu wamekwenda kwa mpwa wa mkuu wa kitivo.

Nimeomba. Desimali naye ameomba. Ni mwenzangu darasani, tunamwita hivyo kwa sababu ukimuuliza hali anakujibu kwa nukta mbili za ziada. Hesabu anaziona kama wengine tunavyoona rangi. Tumeshirikiana dawati miaka miwili. Leo hakuniachia kiti.

Jumatano, 5 Machi

Usaili. Friji katuita wote wawili kwa pamoja, viti vimegusana. Akampa Desimali barua yangu ya maombi, aisome kwa sauti na aseme ina kasoro gani. Akasoma. Akasema ninaandika kama mtu anayeomba radhi. Friji akanipa ya Desimali. Nikasema huyu akiingia nyumba ya msiba atahesabu viti.

Hakuna aliyecheka. Friji alitikisa kichwa taratibu, karidhika, kama aliyeonja na kukuta chumvi iko sawa.

Kisha akatueleza shida yake. Akina mama wengi mno wanakataa kuhojiwa, na wafadhili wananung'unika. Anasema waliokataa si sawa na waliokubali. Waliokataa ndio wenye neno. Ukiwaacha, utafiti wako unakuwa hadithi ya watu wasio na cha kuficha.

Akageuza kompyuta. Ramani ya mitaa, kijani kwa waliokubali, nyekundu kwa waliokataa. "Nafasi ni ya atakayenigeuzia nyekundu kuwa kijani," akasema. "Sina usaili mwingine."

Desimali alianza kunakili papo hapo. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye nukta moja. Upande wa kiwanda cha matofali, nyumba ya pili kutoka kona. Kwetu. Nyumba ya mama yangu.

Nyekundu. Kwa hiyo walikwenda kumhoji wifi na akakataa, na nyumba nzima hakuna aliyeniambia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda nyumbani. Sikuwa nimekanyaga pale tangu msiba. Nakaa hosteli, nasingizia masomo, na masomo hayalalamiki ukiyasingizia.

Wifi, mke wa kaka yangu, alijifungua mwaka jana mwishoni. Mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza. Hakumaliza wiki. Mama anasema wifi alimlalia mtoto usingizini. Alisema hivyo asubuhi ileile, akasema msibani, akasema kwa waliokuja kutoa pole na kwa waliokuwa wanapita tu. Kaka anafanya zamu za usiku kiwandani. Alirudi akakuta mama yake analia na mtoto mikononi, na neno likiwa limeshasemwa. Amelibeba hivyohivyo mpaka leo.

Sasa ndani ya nyumba ile kaka haongei na mkewe. Anaongea na mama, mama anaongea na wifi. "Mwambie chai." Na wifi amekaa hatua moja kutoka kwake, anamsikia. Anasubiri aambiwe, ndipo anyanyuke.

Nguo za mtoto mama alizigawa kwa jirani. Nilidhani ni huruma. Leo jirani amekuja na mwanawe, kavaa kile kisweta cha njano ambacho wifi alikifuma mwenyewe akiwa mjamzito. Mama akampokea, akamrusharusha, akasema kwa sauti ya kuimba, "Huyu ana bahati. Mama yake analala kama mtu, halali kama gunia."

Jirani akachekacheka, hajui atazame wapi. Wifi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Nilichoona ni kwamba mchele aliotoa mawe alianza kuuchambua upya.

Mimi? Nilisema kisweta kinampendeza. Ndivyo nilivyosema.

Jumamosi, 8 Machi

Friji kaniita ofisini, Jumamosi, jengo tupu.

"Hukuniambia kuwa unaishi ndani ya nukta," akasema.

Anajua. Aliona anwani kwenye fomu yangu ya usajili. Alikuwa anajua hata Jumatano alipogeuza ile kompyuta, sina shaka. Alitaka kuona kama nitasema.

Nikamwambia yule ni wifi yangu, na kanuni zinakataza mhoji kumhoji ndugu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Akasema Desimali ameshapata mama mmoja aliyekuwa amekataa. Amemfuata mpaka sokoni kwenye meza yake ya nyanya, akakaa hapo mpaka akakubali. Akasema mimi ninayo nyumba nzima na bado nimekaa.

Nikarudia: kanuni.

"Mwanzoni mwa dodoso kuna swali," akasema. "Mhoji ana uhusiano na mhojiwa? Lina majibu mawili. Mimi sijui ukoo wa kila mtu, siwezi kukujibia."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Nilisimama kidogo nikidhani ataongeza kitu. Nikatoka.

Jumanne, 11 Machi

Nimeongea na wifi. Nimemfuata uani akifua, nikashika ndoo kama msaidizi. Mama alikuwa kanisani na wenzake.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Umuhimu wa utafiti, watoto wengine watakaookoka. Sikuyahitaji. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Wale waliokuja walisema nyie mkishauliza, mnajua kilichomuua mtoto. Ni kweli?"

Nikasema madaktari husoma majibu na kuamua chanzo.

"Wanajua kabisa?"

"Mara nyingi."

Akasema alikataa kwa sababu mama alikaa pembeni yake siku ile, akamjibia. Alisema, "Huyu hana cha kueleza, alikuwa amelala." Wakaandika amekataa. Lakini kama ni mimi nitauliza, na mama hayupo, atakubali. Anataka kujua. Anasema kila akilala anaamka anapapasa godoro.

Kuna sentensi kwenye fomu ya ridhaa inayosema utafiti huu hautoi majibu kwa familia moja moja. Majibu yanajumlishwa, yanachapishwa, basi. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikaona uso wake umefunguka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Nikasema, "Ijumaa, basi. Mama akienda kliniki ya presha."

Ijumaa, 14 Machi

Imekwisha. Niandike yote sasa hivi, kesho nitakuwa nimeshayapamba.

Tulikaa chumbani kwao. Kaka alikuwa kazini, siku hizi anachukua hata zamu za mchana. Nilivaa fulana ya mradi. Nikaweka kinasa sauti juu ya stuli. Swali la uhusiano nikajibu hapana. Kisha nikasoma fomu ya ridhaa. Utakayosema ni siri. Una haki ya kuacha wakati wowote. Ile sentensi ya majibu niliisoma haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Hakuisikia, au aliisikia akadhani haimhusu yeye, kwa kuwa mimi ni wifi yake.

Akasaini.

Maswali yenyewe nayajua kwa moyo. Mtoto alilia alipozaliwa? Alilia. Alinyonya vizuri? Vizuri, mpaka siku ile. Siku ile alasiri akaacha ziwa. Akimpa, anageuza uso. Jioni akawa wa moto, kisha akaanza kupumua kwa kasi.

Nikauliza kama kifua kilikuwa kinaingia ndani anapovuta pumzi. Akaweka kiganja chini ya mbavu zake, akanionyesha. "Hapa. Palikuwa panazama."

Swali: mlimpeleka kwenye matibabu? Hapana. Swali linalofuata: kwa nini? Unamsomea mhojiwa majibu achague. Mbali. Hapakuwa na usafiri. Hatukuona ni hatari. Mengine.

"Mengine," akasema.

"Eleza."

Akatazama kinasa sauti, si mimi.

"Nilimwambia mama mtoto hanyonyi, tumpeleke. Akasema watoto wa siku hizi wakipiga chafya mnawakimbiza hospitali. Nikasubiri. Akawa wa moto zaidi. Nikajifunga, nikambeba, nikafika getini. Limefungwa. Nikarudi kumwomba ufunguo. Akasema mwanangu yuko kazini, hutoki na mjukuu wangu gizani. Nikapiga magoti. Akainua mto wake, akanionyesha ufunguo, akaurudisha mto, akaulalia."

"Simu?"

"Simu yangu alikuwa nayo yeye tangu nimejifungua. Alisema mlio unamshtua mtoto."

Aliendelea kwa sauti ileile, kama anayesimulia safari. Alikaa na mtoto mapajani. Alimpangusa kwa maji. Alimsikia anapumua kama mtu anayepanda ngazi. Karibu na alfajiri akasinzia – ameketi, mgongo ukutani. Si sana. Aliyemwamsha ni mama, mtoto ameshamchukua, amemfunika uso. Mama akasema, umemlalia. Na geti likawa linafunguliwa, kaka anaingia.

"Kwa nini hukumwambia kaka?"

Hilo halimo kwenye dodoso. Lilinitoka.

"Ningemwambia nini? Nilisinzia kweli. Mama alisema kwa uhakika sana. Nikafikiri labda yeye aliona nisichokiona."

Tukamaliza. Nikasoma ile sentensi ya mwisho, kama una la kuongeza. Akasema analo. Akasogea, akaniangalia sasa, akashusha sauti kana kwamba kinasa hakitasikia.

"Wifi. Kwa kusoma kwako. Nilimlalia?"

Mtoto anayelaliwa haachi ziwa tangu alasiri. Hawi wa moto. Kifua hakizami saa zote hizo. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza angejua, ni maambukizi, yalimuua kidogo kidogo, na dawa ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Nilijua kabla hajamaliza kusimulia. Nilikuwa na jibu kamili mdomoni.

Mafunzo yanasema mhoji hatoi chanzo cha kifo. Taa ya kinasa ilikuwa inawaka. Friji husikiliza rekodi zote.

Nikasema, "Hatutoi majibu ya mtu mmoja mmoja. Asante kwa muda wako."

Asante kwa muda wako. Nilimwambia hivyo wifi yangu, kwenye kitanda chake.

Hakulia. Alisema, "Haya." Akaniuliza kama nitakunywa chai kabla sijaondoka, kwa kuwa mama anakaribia kurudi.

Jumapili, 16 Machi

Ningeweza kurudi. Bila fulana, bila kinasa. Nimwambie tu: hapana, hukumlalia. Sentensi moja ndogo.

Nimefua. Nimepiga pasi hata mashuka.

Nikimwambia wifi, atamwambia kaka. Kaka ataigeuza nyumba juu chini, atataka kujua nimejuaje, atafika chuoni. Swali lenye majibu mawili. Friji atasema hajui ukoo wa kila mtu.

Na mama. Mama ndiye atakayebaki bila mtoto hata mmoja.

Jumatatu, 17 Machi

Nafasi ni yangu.

Friji amesikiliza rekodi yote. Amesema ni mahojiano bora kuliko yote ya mwaka huu. Kasifu hasa mwisho. "Alikuuliza ukakataa kujibu," akasema. "Wengi hapo huyeyuka." Sijawahi kusifiwa na Friji. Naandika ukweli: nilifurahi. Nilishuka ngazi mbili mbili.

Chini nikakutana na Desimali. Yeye aliwapata akina mama watatu. Mimi mmoja. Akanipa mkono.

"Hongera," akasema. "Upande wa kiwanda cha matofali, sivyo? Nadhani ndiko kwenu."

Nikasema watu wengi wanakaa huko.

"Wengi sana," akasema. Hakuachia mkono wangu haraka. "Mimi nilijivua utu pale sokoni, yule mama alinimwagia maji ya nyanya zilizooza. Nilidhani ndiyo mwisho wa kujishusha. Kumbe."

Hajasema atafanya nini. Huyu hasemi kabla hajamaliza hesabu.

Jumatano, 19 Machi

Semina mbele ya wafadhili. Friji aliniambia niwasilishe kesi moja tu, isiyo na jina, isiyo na mtaa. Yangu.

Ukumbi wa juu, kiyoyozi, biskuti kwenye sahani. Nikasimulia. Alasiri, ziwa, geti, mto. Nilipofika kwenye ufunguo mama mmoja wa meza ya mbele aliacha kutafuna. Sauti yangu ilikuwa imara, nilijisikia kama mtu mwingine, mwenye akili. Hitimisho: maambukizi ya mtoto mchanga, kuchelewa kwa uamuzi nyumbani. Wakapiga makofi. Kifo cha wa kwetu, watu wamekipigia makofi, nami nimeinamisha kichwa kushukuru.

Mmoja wao akasema kesi hii inahitaji jina fupi, watu waikumbuke. Wakashauriana kama wanaotafuta jina la duka. Wakakubaliana: kifo cha mto.

Kisha yule mama wa biskuti akauliza. Huyo bibi je, naye alihojiwa? Ingekuwa muhimu sana kusikia upande wa mabibi. Ndio wenye maamuzi, ndio wenye funguo.

"Wazo zuri sana," Friji akasema, akanitazama. "Hiyo ndiyo tasnifu yako. Mabibi. Na utaanza na huyu."

Wote wakageuka kunipongeza. Desimali alikuwa safu ya nyuma. Yeye tu ndiye hakupongeza. Alikuwa ananitazama kwa kitu kilichofanana na huruma, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote ya leo.

Ijumaa, 21 Machi

Kaka kapiga simu. Sauti imekauka. Kesho kuna kikao nyumbani. Baba yake wifi anakuja. Ameitwa aje amchukue binti yake. Kaka anasema hawezi tena, akimwona mkewe anamwona mtoto. Mama amemwambia bado kijana, ataoa tena.

"Njoo," akasema. "Baba mkwe ni mtu wa maswali. Wewe ndiye msomi wetu wa vifo. Akiuliza mambo ya kitaalamu, utamjibu."

Nikasema nina kazi nyingi.

"Dada," akasema. Haniiti hivyo ila akiwa amezidiwa. "Sijakuomba kitu tangu mwanangu afe."

Ni kweli. Hajaniomba kitu.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia kwenye chumba changu cha zamani. Wote wako sebuleni. Wananisubiri.

Nilifika mapema. Begi la wifi lilikuwa mlangoni tayari, moja, limefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo kwa sababu zipu imekufa. Mama amefunga kitambaa kipya kichwani. Baba yake wifi ni fundi cherehani, mtu mfupi, kaja na kofia mkononi na hakutaka chai. Wifi alikaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni. Kaka kochi la dirishani, anatazama nje kwenye geti.

Mama alianza. Alisema hakuna mwenye kinyongo. Alisema binti ni mzuri, mpishi, msafi, ila ana usingizi mzito, na usingizi huo umetugharimu. Alitumia neno hilo, umetugharimu. Alisema yote kwa upole mkubwa. Mama akitaka kuua, sauti yake huwa kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mzee alisikiliza. Kisha akasema, "Nimeitwa kuambiwa binti yangu amemuua mjukuu wangu. Sawa. Nitambeba, ni wangu. Lakini nataka nisikie kwa anayejua, si kwa anayedhani."

"Mimi niliona kwa macho yangu," mama akasema.

"Uliona amemlalia? Au ulimkuta amesinzia?"

Kaka kwa mara ya kwanza aligeuza uso kutoka dirishani. Akaniangalia mimi.

"Msomi," akasema. "Mtu anajuaje mtoto kalaliwa?"

Nikasema jambo refu. Nikasema ni vigumu, kuna vipimo, kuna dalili, kila kesi ina mazingira yake. Nilisikia Friji kinywani mwangu. Mzee alinitazama kama anayetazama kitambaa kilichooshwa mara nyingi mno.

Hapo ndipo wifi aliposema. Alikuwa hajasema neno. Akamwambia kaka moja kwa moja, hakupitia kwa mama:

"Usimuulize mambo ya vitabuni. Muulize nilichomwambia. Alikuja kunihoji Ijumaa ile, nikamweleza yote ya siku ile, kuanzia alasiri. Aliniambia ni siri yangu. Ni yangu, basi naitoa. Namruhusu. Aseme nilichosema, halafu aseme na yeye anajua nini."

Mama akasema, "Kuhojiwa? Na nani? Humu ndani?"

Alinigeukia mimi, na niliona anahesabu. Ijumaa. Kliniki ya presha. Nilimwona anafika mpaka kwenye mto wake.

"Sema," kaka akasema.

Nikasema ngoja nichukue miwani yangu. Miwani ninayo usoni. Wote waliiona. Hakuna aliyenizuia, nikapita katikati yao kama mgonjwa anayepewa njia.

Na sasa niko hapa, ninaandika, kwa sababu mkono ukiandika haufanyi kitu kingine. Nikisema: hakumlalia, ni maambukizi, geti lilifungwa, ufunguo ulikuwa chini ya mto wa mama yangu. Kaka anampoteza mama, mimi napoteza nafasi na pengine shahada. Nikisema sijui: yule mzee anambeba binti yake na begi la kamba, na wifi anapapasa godoro maisha yake yote. Jumatatu Friji ananikabidhi dodoso la mabibi.

Nasikia kaka anauliza kitu, sauti ndogo. Anamuuliza mkewe. Yeye mwenyewe, si kwa kupitia mtu. Wifi anajibu, simsikii vizuri anasema nini. Mzee ameanza kulia, au anakohoa.

Hatua ukumbini. Ndala za mama.

Amesimama mlangoni kwangu. Amebisha hodi. Maisha yangu yote mama hajawahi kubisha mlango wa mtoto wake.

"Mwanangu," anasema, taratibu, mdomo karibu na mbao. "Mimi sikujua. Nilidhani ni kulia tu kwa mtoto. Wewe unanijua mimi."

Naendelea kuandika.

"Wewe ni damu yangu. Yule ni wa kuja. Waambie hujui. Neno dogo tu. Watu wazima wanasema hawajui kila siku."

Nimesimama. Mkono wa kushoto uko kwenye kitasa, wa kulia bado unaandika, daftari limeegemea ukuta. Sebuleni kaka ameita jina langu, kisha akaita mara ya pili.

Kitasa kinazunguka. Si mimi ninayekizungusha.